Swali Kwanza, Basi Baadaye

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hufurika watoto wa shule. Ni wiki ya Nane Nane, maonesho ya kilimo ya Nyanda za Juu Kusini. Watoto huja kwa mistari, wameshikana mikono wawili wawili, asubuhi wakitetemeka kwa baridi na adhuhuri sweta wamezifunga kiunoni. Hupita banda la ng'ombe, banda la samaki, banda la Magereza, hununua askrimu, huhesabiwa, kisha hurudi nyumbani na vumbi hadi magotini. Kesho yake ukimuuliza mtoto ameona nini, atakujibu kwa furaha kwamba ameona ng'ombe mkubwa. Ukimuuliza ng'ombe yule analishwa nini hata akawa mkubwa kuliko wa babu yake kule Mbarali, ananyamaza.

Simlaumu mtoto. Alipelekwa kutazama, na hakuna aliyempa swali la kwenda nalo. Nafundisha Sayansi na Hisabati madarasa ya juu katika shule ya msingi ya serikali jijini Mbeya, na jambo ninalolipigania kila mwaka ni hili: ziara ya mafunzo ni kipindi kama vipindi vingine. Inatakiwa kuwa na andalio la somo, swali lililoandikwa ubaoni kabla ya safari, kazi kwa kila mtoto, na marejeo darasani. Shule ikishaliona hivyo, suala la basi na pesa hupungua ukubwa wake, maana mengi tunayotakiwa kufundisha yapo mahali pa kufika kwa miguu au kwa nauli ya daladala.

Siku ya kimondo

Chukua Kimondo cha Mbozi. Tangu mwaka 2016 kiko Mkoa wa Songwe, lakini kwa mwendo wa gari ni kama kilomita 70 tu kutoka Mbeya mjini, nje kidogo ya barabara kuu ya Tunduma. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa zaidi ya mita 3. Takribani asilimia 90 yake ni chuma na asilimia 8 hivi ni nikeli. Wenyeji walilifahamu kabla ya mpima ardhi aliyeitwa Nott kulitangaza kwa wageni mwaka 1930. Wakati ule sehemu kubwa yake ilikuwa imefukiwa. Baadaye mtaro ulichimbwa kulizunguka, na udongo uliobaki chini yake ukajengewa zege, ndiyo maana leo linaonekana limekaa juu ya kiti.

Kabla ya kwenda huko na darasa langu tuliandika ubaoni swali moja: tunajuaje kwamba jiwe hili halikutoka hapa hapa duniani? Nikaligawa darasa katika makundi. Kundi moja lilibeba futi kamba, jingine daftari la kuchora umbo, jingine sumaku tulizozitoa kwenye spika mbovu za redio. Walikatazwa kugonga, kukwaruza au kupanda, kwa kuwa ule ni urithi wa Taifa na si mali yetu peke yetu.

Mtoto wa kundi la sumaku aliifunga yake kwenye uzi akaisogeza taratibu. Ilipobaki nafasi ya kidole, sumaku iliruka ikanata. "Mwalimu, inavutwa!" Hakusimama hapo. Aliifungua, akaanza kuijaribu kwenye kila jiwe lililokuwa chini, jeusi, jekundu, la mfereji, la njiani. Hakuna hata moja lililovuta. Wenzake walimfuata nyuma wakiandika: jiwe la kwanza hapana, la pili hapana, la tatu hapana. Sikuwa nimewafundisha namna ya kufanya jaribio la kulinganisha. Walilibuni wenyewe, kwa sababu walikuwa na swali mkononi na kitu cha kulijibia.

Tuliporudi tulibandika karatasi za manila ukutani, upande mmoja "tulichoona", upande wa pili "tunachodhani". Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya uzito. Makadirio yanayotajwa ni kati ya tani 12 na tani 16, na watoto walitaka kujua inawezekanaje kitu kimoja kiwe na majibu mawili. Tulitumia kipindi kizima kujadili namna ya kukadiria uzito wa kitu usichoweza kukiinua na ambacho hakina pembe za kupimika. Mada ya ujazo, ambayo huwa nasukumana nayo kila mwaka, mwaka ule walinivuta wao.

Vilivyo jirani

Mbozi ni mbali kwa shule isiyo na gari, lakini Uyole ipo hapa hapa jijini. Kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Uyole, ambako zilitoka mbegu za maharage zinazolimwa Nyanda za Juu zote, kama Uyole 84 na Uyole 96. Mtoto akiona jinsi mbegu inavyochaguliwa msimu baada ya msimu, ameelewa urithi wa tabia kwa viumbe, mada ambayo kwenye kitabu ni michoro mitupu.

Iyunga kuna stesheni ya TAZARA. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Saa moja stesheni hapo inatosha kufundisha umbali, muda na mwendokasi kwa ratiba halisi ya treni, na inatosha kuuliza kwa nini Tanzania, Zambia na China ziliamua kujenga reli ndefu namna hiyo wakati ule.

Ukishuka kuelekea Tukuyu kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, lililotokana na lava. Mwalimu wa Jiografia akisimama pale hana haja ya kuchora volkano, hasa akikumbusha kwamba mlima Kyejo, jirani na Tukuyu, ulitoa lava kama miaka 200 tu iliyopita. Juu zaidi, katika misitu ya mlima Rungwe, anaishi kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia wawindaji wa vijiji vya huko wakimtaja. Huwa nawakazia wanafunzi habari hiyo, wajue kwamba maarifa ya kijijini kwao yana thamani.

Wenzetu wa Iringa nao wamejaliwa. Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kuja Mbeya. Mwaka 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akielekea Afrika Kusini aliokota zana za mawe katika korongo lile, na mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia Clark Howell akaongoza uchimbaji. Zana hizo, mashoka ya mkono na mawe ya kuchunia, hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Swali la kwenda nalo ni jepesi: kwa nini watu wale waliacha zana nyingi namna hii mahali pakavu? Jibu limo kwenye tabaka za udongo na kwenye mifupa ya viboko iliyochimbuliwa pale. Zamani hapo palikuwa na maji.

Kisha kuna Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana hadi Julai 1898, na fuvu lake, lililokuwa limepelekwa Ulaya, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Tarehe hizi ubaoni hukaririwa na kusahaulika. Mtoto aliyesimama mbele ya fuvu lile huuliza mwenyewe: kichwa cha mtu kilipelekwa Ulaya kufanya nini? Mwalimu akipata swali hilo, amepata mlango wa kufundishia ukoloni wote.

Kambi tunaziweza

Wapo wanaoniambia kulala nje na watoto ni mambo ya shule za kulipia. Nawakumbusha kambi za darasa la saba. Katika shule nyingi za serikali, wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Septemba, watoto hulala shuleni. Wazazi huleta mahindi, maharage, kuni na hela kidogo ya mboga. Akina mama hupokezana zamu jikoni. Magodoro hutandikwa madarasani, wasichana upande wao na wavulana upande wao, na usiku hufanywa maswali ya mitihani iliyopita. Hakuna mfadhili. Ni kamati ya shule na wazazi.

Kama tunaweza kuendesha kambi ya kujibu maswali ya zamani, tunaweza pia kuendesha usiku mmoja au wawili wa kujifunza mahali pengine, kwa utaratibu ule ule. Darasa la sita tulilala Matema, wilayani Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, katika madarasa ya shule ya huko. Jumamosi tulikwenda gulio la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya ufukweni huuza vyungu. Mama mmoja alikubali kutuonesha ufinyanzi. Hana gurudumu. Anakizungusha chungu kwa mkono wa kushoto, wa kulia unavuta udongo juu, na mdomo wa chungu unatoka mviringo kamili bila rula wala bikari. Watoto walimwomba ruhusa, wakapitisha uzi kuzunguka midomo ya vyungu vilivyokauka, vidogo na vikubwa, wakapima mzingo, wakapima kipenyo, wakagawanya. Kila chungu kilileta tatu na kidogo. Msichana mmoja alirudia mara kwa mara akidhani amekosea, kisha akasema kwa sauti: "Basi vyote ni sawa!" Ile 22/7 waliyokuwa wakiikariri ikapata maana mbele ya yule mama, aliyekuwa akisikiliza huku akitabasamu.

Kambi ina masharti, na sitaki yapuuzwe. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo kwa maoni yangu watoto hao ziara zao ziwe za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wakubwa wasindikizwe na walimu wa kike na wa kiume, na orodha iandikwe ya kila mwenye pumu, kifafa au dawa za kila siku. Anayeshusha watoto wa Mbeya kwenda Kyela akumbuke kwamba anatoka kwenye baridi kwenda kwenye joto na mbu, vyandarua ni lazima. Ziwani hakuna anayeingia majini bila msimamizi anayejua kuogelea.

Barabara ndiyo hofu yangu kuu. Tarehe 6 Mei 2017 huko Karatu basi dogo lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wakienda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Barabara yetu kuu ina milima mikali na malori usiku na mchana. Gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani kabla ya siku ya safari, kila mtoto awe na kiti chake, na pasiwe na safari ya usiku kwa sababu yoyote.

Darasa zima

Tangu elimu bila malipo ianze kutekelezwa Januari 2016, walimu wengi wameogopa hata kutamka neno mchango, na ziara nyingi zikafa hapo. Michango ya lazima imekatazwa, na ni haki. Michango ya hiari, ikipitishwa na wazazi wenyewe na kupata kibali, ina nafasi yake. Kanuni yangu ni moja: kama hela haitoshi darasa zima, tunachagua mahali pa karibu zaidi. Hatumwachi mtoto kwa sababu ya nauli.

Wala siungi mkono desturi ya kuwapeleka kumi bora kama zawadi. Anayeshindwa kusoma aya ndefu ndiye anayehitaji zaidi kushika kitu kwa mikono. Tulipokwenda Uyole, mvulana anayeshika mkia kwenye mitihani yangu alifumba macho akatenganisha aina za maharage kwa kuzipapasa tu, maana mama yake huuza nafaka sokoni. Tangu siku hiyo wenzake humfuata kwenye kazi za kikundi, na mimi nimejua mahali pa kuanzia ninapomfundisha.

Januari walimu huandaa azimio la kazi la mwaka mzima. Mzazi mwenzangu, kwenye mkutano wa kwanza simama uulize: mwaka huu watoto wetu watatoka kwenda kujifunza wapi, na watakwenda na swali gani? Ukijibiwa kwamba hakuna hela, taja mahali pa karibu unapopajua wewe: karakana, kiwanda cha chai, shamba la parachichi, chanzo cha maji. Kisha jitolee kusindikiza. Watu wazima wawili wa ziada kwa kila darasa wanatosha kumpa mwalimu ujasiri wa kwenda kuomba kibali.