PICHA NA MWANDISHI WETU, KAZI YA NANI?

Mwaka 2018 maonyesho ya Nanenane yalifanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi, nasi tulikuwapo. Katika banda moja la kina mama tulikuta seti ya vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye ua ambalo hatukupata kuliona kwingine: tumba la pamba lililopasuka, ncha zake zimekunjuka pande nne. Tukapiga picha. Ilitoka gazetini, kisha ikaingia mtandaoni, na maelezo yake yakasema kwamba wageni walikuwa wakitazama kazi za mikono. Chini yake tuliandika, kama tulivyozoea, "Picha na Mwandishi Wetu". Mfumaji alikuwa amesimama kando ya meza. Katika kuipunguza picha ienee nafasi iliyokuwapo, kichwa chake kilikatwa, ikabaki mikono.

Mama yule ni mkulima wa pamba. Hufuma usiku, kazi za shamba zikiisha, wala hauzi. Ua lile alilibuni mwenyewe na alikuwa akiliweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Bandani alilileta kwa kushawishiwa na wenzake wa kikundi. Kabla harusi haijafika, vitambaa vya ua lilelile vilikuwa vimetandazwa sokoni. Mtu mwenye ujuzi alikuwa ameikuza picha kwenye simu yake na kuhesabu vifundo kimoja kimoja. Siku ya harusi seti ilipofunguliwa mbele ya wakwe, wageni wawili watatu walisema hata wao wanavyo nyumbani. Tulipokutana naye tena hakudai fedha. Alitaka kujua ni nani aliyetupa ruhusa. Hatukuwa na jibu.

Wako watakaosema kwamba mtu asiyeuza hakupoteza kitu. Hoja hiyo tumeisikia hata katika vikao vya watu wazima wenye vyeo, na hatuikubali. Afanyaye kazi kwa mapenzi yake, bila kutazamia malipo, Kiswahili humwita msanii wa ridhaa. Ni ajabu kubwa basi kwamba mtu wa ridhaa ndiye tusiyemwomba ridhaa! Mwenye duka tukimpiga picha atatuuliza tunampeleka wapi. Mama wa kijijini tunamwambia asogee kidogo tupate mwanga.

Sheria haiko upande wa mazoea hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, huilinda kazi ya ubunifu tangu inapofanyika, bila kusubiri cheti wala mhuri, na haiulizi kama mwenyewe anauza au anatunza kabatini. Humo zimo kazi za fasihi na muziki, na zimo pia picha na sanaa za matumizi ya nyumbani. Yafaa ieleweke kwamba katika picha moja ya kitambaa zimo mali mbili. Picha ni ya aliyeipiga, nasi hatukosei kuandika jina lake. Ubunifu ulio ndani ya picha ni wa mfumaji, na haki ya kutajwa kuwa yeye ndiye aliyeufanya haimtoki kwa sababu mwingine ana kamera. Sheria huiachia habari nafasi yake, hatukatai. Lakini nafasi hiyo haikutuamuru tufute jina la mtu.

Liko pia jambo la ua ambalo halina mbunifu mmoja. Nakshi nyingi za vitunga na shanga za Usukuma zimerithiwa, na hakuna ukoo uwezao kusema hizi ni zetu peke yetu. Sheria hiyohiyo imezifikiria sanaa za jadi: anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mila zilikotoka, sharti apate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Ni maofisa wangapi wa wilaya wanaokijua kifungu hicho? Na tukizungumzia sura ya mtu, tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022.

Lakini jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu cha Hans Cory, ofisa wa serikali ya kikoloni, kuhusu michoro ya kuta ya mafundi wa nyoka wa Tanganyika. Michoro ile ilikuwa ndani ya nyumba za chama chao, ikikusudiwa macho ya walioingizwa humo. Tunashukuru kwamba imehifadhiwa, maana kuta za udongo hazidumu. Hata hivyo jina lililo juu ya jalada ni la Cory. Wasomaji wetu wa Ukerewe wanaye Aniceti Kitereza wao, aliyekiandika kitabu chake kwa Kikerewe na kungoja zaidi ya miaka 30 hadi kikachapishwa kwa Kiswahili. Kilipotoka, jalada lilibeba jina lake. Mfinyanzi na mfumaji hawana jalada. Wachapaji wa kanga walilitambua hilo zamani: kanga za nyumba ya Kaderdina ya Mombasa hubeba maneno "Mali ya Abdulla", na mnunuzi mzoefu huyatafuta kabla ya kutoa fedha.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba tunawasimulia habari za ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Wageni wanaovuka kwenda Ukara kulitazama jiwe linalocheza hawarudi na picha ya jiwe tu. Hurudi na picha za mafundi wa mitumbwi, za wasusi wa mikeka, za wazee wakishona nyavu. Na vijana wetu wenyewe wa Nansio hutumiana picha za kazi za shangazi zao bila kuwauliza shangazi.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya shule ya serikali tulifundishwa kupiga hodi mara tatu mlangoni, na asipoitika mwenye nyumba tugeuke turudi. Haikuwa hoja kwamba mlango ulikuwa wazi. Kitambaa kilichotandazwa bandani ni mlango ulio wazi. Kukitazama ni halali, kwani ndiyo sababu ya maonyesho. Kuondoka nacho ndani ya simu na kukisambaza kwa watu elfu ni jambo jingine, na linahitaji hodi yake.

Hatutaki kuzidisha. Ufumaji umeenea kwa jicho na jirani. Binti humtazama mama, akafumua, akafuma tena. Anayetaka kutia kufuli hapo ataua kazi yenyewe. Wala hatuombi fomu za nakala tatu, maana tunazijua ofisi zetu. Tunawaomba maofisa utamaduni na maofisa maendeleo ya jamii wa Simiyu, ambao ndio wapigaji picha wakubwa wa mabanda haya kwa ajili ya taarifa zao, waandike jina la mtengenezaji kwenye kadi iliyo mezani; wamwulize kabla ya kupiga; wamwambie picha inakwenda wapi, kama ni ya taarifa ya halmashauri, ya kalenda au ya mtandao, kwa sababu anayekubali moja hajakubali yote. Akikataa, simu irudi mfukoni, hata kama mkuu wa msafara anangoja.

Kwa upande wetu, tangu sasa hatutachapisha picha ya kazi ya mikono bila jina la mwenye kazi, ila yeye mwenyewe akitaka lisitajwe. Tulirudi kwa mama yule wa Bariadi tukamwomba radhi, kisha tukamwomba ruhusa ya kuichapisha tena picha ile pamoja na makala haya, safari hii kwa jina lake. Alifikiri kwa muda, akatuandalia chai, akakataa. Ndiyo maana ukurasa huu leo hauna picha.