Mlio Asiousikia Daktari: Nafasi ya Wagonjwa wa Tinitasi katika Kuandaa Miongozo ya Tiba

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inawafaa sana watu wenye tinitasi, yaani wale wanaosikia mlio, mvumo au mluzi masikioni au kichwani ilhali hakuna chanzo cha sauti nje ya mwili. Mara nyingi daktari hawezi kuusikia mlio huo kwa chombo chochote, wala hauonekani katika picha au kipimo cha damu. Anayeujua ni yule anayelala nao na kuamka nao. Hata hivyo, maswali ya utafiti na maelekezo ya tiba ya hali hii kwa kawaida yaliandaliwa na wataalamu peke yao.

Matokeo ya mwanya huo yanajulikana kwa wagonjwa wengi. Mtu hufika kliniki, hupimwa, kisha huambiwa: “Hakuna dawa, uzoee tu.” Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa kuondoa tinitasi. Nusu iliyoachwa ni kwamba mlio unaweza kupungua wenyewe, na kwamba zipo njia zinazowasaidia wengi kuishi vizuri nao. Mgonjwa anayepewa nusu ya kwanza peke yake huondoka na hofu, na hofu hiyo humfanya auangalie mlio zaidi na kukosa usingizi.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizojaribu kuziba mwanya huo kwa utaratibu rasmi. Mwaka 2012 ulikamilika mpango ulioendeshwa kwa njia ya James Lind Alliance, taasisi iliyoundwa mwaka 2004 ili kuwakutanisha wagonjwa na watoa huduma wakiwa na haki sawa ya kusema. Wenye tinitasi, jamaa zao na wataalamu wa usikivu waliulizwa jambo moja: ni lipi kuhusu hali hii ambalo bado halijajibiwa na utafiti? Maswali yao yalikusanywa, yakachujwa, kisha yakapangwa hadi yakabaki kumi ya kipaumbele.

Orodha hiyo inastahili kusomwa na kila mtoa huduma. Ndani yake mna swali kuhusu njia bora za kutibu ukosefu wa usingizi unaotokana na tinitasi. Mna swali kuhusu namna ya kuwapima watoto, na jingine kuhusu viziwi, ambao wengi hudhani hawawezi kusumbuliwa na sauti. Swali la dawa limo pia, lakini limeshika nafasi ya kumi. La pili lilihusu tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mienendo: je, inafaa ikitolewa na mtaalamu wa usikivu badala ya mwanasaikolojia?

Hatua nyingine ilihusu kipimo cha mafanikio. Tafiti nyingi zilikuwa zikipima mambo tofauti, hivyo matokeo yake hayakuweza kulinganishwa. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa na wataalamu walikubaliana kwa awamu kadhaa juu ya mambo ya lazima kupimwa. Kwa aina zote tatu za tiba zilizojadiliwa, yaani za sauti, za kisaikolojia na za dawa, walichagua kiwango ambacho mlio huingilia maisha ya mtu. Ukubwa wa sauti yenyewe ulichaguliwa kwa tiba za dawa pekee. Maana yake ni kwamba mlio waweza kubaki na ukubwa uleule, na bado mgonjwa akawa amepona kwa namna iliyo muhimu kwake: analala, anafanya kazi, anawasikiliza watoto wake.

Mwezi Machi 2020, taasisi ya NICE, inayoandaa miongozo ya tiba Uingereza, ilitoa mwongozo wake wa tinitasi. Kwa utaratibu wa taasisi hiyo, kamati ya kila mwongozo huwa na wajumbe wasio wataalamu, waliopitia hali husika au kuwahudumia walio nayo, na rasimu hutolewa ili vyama vya wagonjwa na wadau wengine waitolee maoni. Mwongozo huo unaanza na mazungumzo: mgonjwa aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba hali hii ni ya kawaida, kwamba mara chache huashiria ugonjwa mwingine, na kwamba msaada upo. Mpango wa tiba uandaliwe pamoja naye. Swali la mwaka 2012 kuhusu tiba ya kisaikolojia kutolewa na wataalamu wa usikivu limo humo, likiwa miongoni mwa yanayopendekezwa kufanyiwa utafiti.

Kushirikishwa, hata hivyo, si kupewa kila kinachotamaniwa. Mgonjwa aliyechoka hutamani kidonge, lakini mwongozo huo unaagiza betahistini isitolewe kutibu tinitasi peke yake, kwa kuwa ushahidi hauungi mkono. Wagonjwa huleta uzoefu, watafiti huleta ushahidi, na uamuzi hupatikana pale viwili hivyo vinapopimana kwa uwazi.

Kwa Afrika suala hili si geni. Sindano za kanamaisini zilizotumika kutibu kifua kikuu sugu ziliwaletea baadhi ya wagonjwa milio ya masikio na uziwi wa kudumu. Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, aliyepoteza usikivu kwa dawa hiyo, alijitokeza hadharani kudai tiba salama zaidi. Mwaka 2018 nchi yake ilianza kutumia bedakuilini badala ya sindano hizo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haukuipendekeza tena kanamaisini.

Ushirikishwaji wa kweli una masharti yake. Mgonjwa mmoja katikati ya maprofesa kumi huishia kutikisa kichwa. Afadhali wawe wawili au zaidi. Nyaraka ziandikwe kwa lugha inayoeleweka, nauli ilipwe, na asiyesikia vizuri aandaliwe maandishi. Zaidi ya yote, aliyetoa maoni aelezwe yamefanyiwa nini.

Wakati kamati hizo zikisubiriwa, kazi inaweza kuanzia kliniki. Mtoa huduma anaweza kuuliza maswali matatu na kuyaandika majibu yake katika faili: mlio unakuzuia kufanya nini, unalalaje, na unaogopa nini? Anayesema amechoka kuishi, au aliyepoteza usikivu ghafla, asipangiwe tarehe ya mbali. Apelekwe mara moja panapostahili. Mgonjwa naye aje na maelezo ya lini mlio ulianza, dawa alizotumia, na kama uko sikio moja au yote mawili. Majibu hayo yakikusanywa kutoka kliniki nyingi, watakaoandika mwongozo watakuwa na pa kuanzia.