Soko la rimoti Lindi: anayenunua katoni ananunua misimbo

Mfanyabiashara wa Kilwa Masoko au Lindi mjini anayefuata vifaa vya umeme Kariakoo hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kufunga mzigo. Lindi iko kiasi cha kilomita 450 kutoka Dar es Salaam, na rimoti iliyokataliwa na mteja hairudi kirahisi kwa muuzaji wa jumla.

Mahitaji yapo. Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, nyumba nyingi zenye runinga zina king'amuzi pia, na kila kimoja kina rimoti yake. Rimoti hupotea, huanguka, na hewa ya chumvi ya pwani hula vibati vya betri. Mwenye duka huona njia rahisi: kuleta rimoti za "TV zote".

Hapo ndipo mtaji hukwama. Tuseme, kwa mfano tu, katoni ya rimoti 100 imenunuliwa kwa Sh. 300,000 na kila moja inauzwa Sh. 5,000. Mpaka ziuzwe 60, mwenye duka amerudisha fedha yake tu, nauli bado. Kama 40 zilizobaki haziwashi ving'amuzi vya wateja wa mji huo, faida yote imelala kwenye rafu.

Kinachouzwa hasa ni misimbo iliyohifadhiwa ndani, ambayo mafundi huiita kodi, ingawa TRA haihusiki. Taa ndogo ya mbele hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ukiwaka na kuzimika kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde. Katika mtindo wa NEC wa Japani, unaotumika sana, ujumbe huanza kwa mwanga wa milisekunde 9 na ukimya wa milisekunde 4.5. Kisha hufuata biti 32 katika mafungu manne: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani, amri, na kinyume cha amri. Amri na kinyume chake sharti jumla yake iwe 255. Amri ikiwa 69, kinyume ni 186. Zisipolingana, kifaa hakitii. Philips ilikuwa na mtindo wake, RC-5, wa mara 36,000 kwa sekunde, na rimoti isiyoujua haitaendesha runinga inayoutumia hata ikiwekewa betri mpya.

Hesabu hiyo humwezesha fundi kutengeneza msimbo asiokuwa nao. Akijua anwani ya kifaa, amri za kujaribu ni 256 tu. Kwa ujumbe mmoja kila milisekunde 108, simu yenye taa ya infraredi humaliza zote kwa chini ya nusu dakika. Asipojua hata anwani, kwa mtindo wa kwanza wa NEC michanganyiko ni 65,536, kazi ya karibu saa mbili. Fundi wa kufanya hivyo si wa kila mtaa.

Rimoti ya orodha, inayotumia namba za kijitabu, ni nafuu lakini haijui kifaa kilichotoka baada yake. Ya kunakili hujifunza kutoka rimoti nyingi za infraredi ikiwekwa uso kwa uso nazo, ila mteja aliyepoteza ya kwake hana cha kunakilia. Kwa hiyo duka lenye rimoti halisi moja ya kila king'amuzi kinachotumika mjini, Azam, StarTimes na vinginevyo, linaweza kumhudumia mteja huyo papo hapo. Duka lenye katoni tupu haliwezi.

Wauzaji wengine huonyesha kwa kamera ya simu kwamba taa ya rimoti inawaka. Hilo linathibitisha taa na betri tu. Anayekwenda Kariakoo abebe rimoti halisi hizo, anakili vitufe vitatu vinne, na ajaribu kwenye king'amuzi dukani kabla ya kulipa.