Lori Lisilowaka Baada ya Kutiwa Sensa Mpya

Lori la dizeli likizimika njiani, huenda fundi akabadili sensa ya krenki, na bado injini ikazunguka bila kuwaka. Hapo wenye malori wengi hukimbilia kununua sensa nyingine, na huku nyanya zinaozea juu ya lori. Yafaa kuchunguza kwanza.

Sensa hiyo hukaa karibu na gurudumu la meno lizungukalo pamoja na krenki. Kila jino lipitapo, sensa hupeleka ishara kwa kompyuta ya injini. Katika injini nyingi, kompyuta isipopata ishara hiyo haiamuru dizeli inyunyizwe ndani ya silinda.

Basi, starta inapozungusha injini, dereva autazame mshale wa mizunguko. Ukikaa kwenye sifuri, yamkini ishara haifiki. Swichi na izimwe, plagi ya sensa ichomolewe, itazamwe kama ina maji, pini iliyopinda au waya uliokatika. Kisha sensa itolewe, unga wa chuma upanguswe, na namba yake ilinganishwe na ya ile ya zamani. Nafasi baina ya sensa na meno ni ndogo sana, mara nyingi kama milimita 1. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha lori.

Mshale ukiinuka, kosa latafutwa kwingine: hewa katika mabomba ya dizeli, fyuzi iliyoungua, au betri dhaifu.

Kitu kilichoguswa mwisho ndicho cha kutazamwa kwanza. Kukitazama hakuna gharama.