C Imejaa na D Iko Tupu? Usikubali Kufomatiwa Bure, Fanya Hivi

Unajua ile siku laptopu inaanza kukuletea za "Low Disk Space", C imekuwa nyekundu, na D hapo kando iko na GB 200 zimekaa tu? Unapeleka kwa fundi, anaangalia sekunde mbili, anasema, "Boss, hii ni kufomati tu." Unatoa doh, unarudi keja na Windows mpya, lakini projekti ya mwaka wa nne na picha za shosho zimeenda na maji.

Mara nyingi si lazima. Tangu Vista ya 2007, Windows yenyewe inaweza kupanua patisheni, na hulipi chochote.

Sasa mbona wasee wengi hujaribu na inakataa? Wanapunguza D, halafu C bado haiongezeki. Hapo si laptopu mbovu. Chukulia diski ni ploti zimepangwa kwa laini. C inaweza kuingia tu kwa ploti tupu iliyo kulia kwake, zikiwa zimeshikana. Ukipunguza D, nafasi inayotoka inabaki nyuma ya D. Ni kama umenunua ploti nyuma ya jirani, na jirani bado yuko katikati.

Njia iko hivi:

1. Bakapu kwanza. Kopi kila kitu cha D na vitu zako muhimu za C kwa hadi diski ya nje, kisha ufungue faili kadhaa uone kama ziko poa. Programu na game ulizoweka kwa D utaziweka upya baadaye. Kama BitLocker iko on, hifadhi recovery key yake mahali pengine. Na uchomeke chaja, stima haina adabu.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Disk Management". Cheki kama C na D ziko laini moja, mfano Disk 0. D ikiwa Disk 1, hiyo ni diski tofauti na haiwezi kusaidia C.

3. Bonyeza D na kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Delete Volume". D yote inafutika, ndio maana bakapu ilikuja kwanza. Zile patisheni ndogo zingine usiziguse.

4. Bonyeza C vile vile, chagua "Extend Volume". Hapa wanahesabu kwa MB, na GB 1 ni MB 1024. Ukitaka kuongeza GB 100, andika 102400.

5. Nafasi iliyobaki, chagua "New Simple Volume", ipe herufi D, rudisha faili zako. Kwisha.

Na kama "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki? Angalia kati ya C na nafasi tupu. Mara nyingi kuna patisheni ya Recovery imekaa hapo. Usiifute ovyo, Windows huitumia kujirekebisha ikikataa kuwaka. Hapo tafuta GParted, programu ya bure unayowasha kutoka kwa flashi. Hiyo inaweza kusogeza Recovery kando, na inaweza hata kupunguza D kutoka upande wa kushoto bila kuifuta. Kabla uitumie, fungua Command Prompt kama admin, andika powercfg /h off, kisha uzime laptopu kabisa.

Lakini maze, kusogeza data inaweza kula masaa, na laptopu ikizima katikati unaweza kupoteza yote. Bakapu haina njia ya mkato.

Kwa hivyo fundi akikuambia ni lazima afomati, muulize swali moja tu: nafasi tupu iko upande gani wa C? Akikuangalia tu bila jibu, funga laptopu, shika mat, rudi home.