Walikataa deni la mfalme, wakaanika siri za mabeberu. Bili ilikujaje?

UNGEFANYA nini na madeni ya serikali iliyong'olewa? Hasa kama pesa zenyewe hukuziona, hukuulizwa zilipokopwa, na aliyezikopa ameshaenda zake?

Tangu maandamano ya Gen Z ya Juni 2024, vijana wengi humu nchini wamekuwa wakiuliza nani alikopa nini, na kwa niaba ya nani. Kuna watu waliowahi kulijibu swali hilo kwa vitendo, si kwa hashtegi. Ni Wabolsheviki wa Urusi, na jibu lao liliwatoa jasho.

Turudi Petrograd, Novemba 7, 1917. Tsar Nicholas II alikuwa ameanguka tangu Machi, lakini serikali ya muda iliyomrithi iliendelea kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia bega kwa bega na Uingereza na Ufaransa. Chama cha Lenin kikaipindua. Kesho yake tu, ikapitishwa Amri ya Amani: vita visimame, pasiwe na kunyakua ardhi ya watu, pasiwe na fidia, na diplomasia ya siri ikome.

Leon Trotsky akapewa Wizara ya Mambo ya Nje. Jamaa hakuona hata kazi yenyewe iko wapi. Anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba mpango wake ulikuwa kutoa matangazo machache ya kimapinduzi kwa watu wa dunia, kisha afunge ofisi. Walikuwa na hakika kuwa wafanyakazi wa Ujerumani na Ufaransa wangeinuka wakati wowote. Sasa balozi za nini?

Wafanyakazi wa wizara walimgomea. Haidhuru. Alichotaka mle ndani ni makabati ya mikataba, na kabla ya Novemba kuisha magazeti ya Wabolsheviki yalikuwa yameanza kuichapisha. Moto ukawaka! Kumbe Tsar alikuwa ameahidiwa Constantinople, Istanbul ya leo. Kumbe Italia iliingia vitani baada ya kuahidiwa ardhi. Kumbe Uingereza na Ufaransa, kupitia makubaliano ya Sykes-Picot ya 1916, zilikuwa zimeshagawana nchi za Waarabu, ilhali Waarabu hao hao walikuwa wakitiwa moyo wapigane na Waturuki ili wapate uhuru. Gazeti la Manchester Guardian likawapelekea Waingereza habari hizo mezani.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitendo bora zaidi cha sera yao ya nje. Hakikuhitaji jeshi wala mkopo, na hakuna aliyeweza kukirudisha nyuma. (Sisi huku mikopo ya reli ya SGR ilitiwa saini 2014, na serikali ikatuonyesha sehemu tu ya mikataba hiyo Novemba 2022.)

Kisha wakafika kwenye chapaa. Februari 1918 walitoa amri kwamba mikopo yote ya nje iliyochukuliwa na serikali za Tsar imefutwa. Yote, bila kubagua. Tsar alikuwa amekopa Paris miaka mingi kwa ajili ya reli na jeshi, na vita vilipoanza akakopa London pia.

Shida ni kwamba aliyeumia Paris hakuwa tajiri wa benki peke yake. Hatifungani za Urusi zilikuwa zimeuzwa kwa watu wa kawaida zaidi ya milioni moja: walimu, wenye maduka, wazee waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni. Ukiwaita wote hao mabeberu utakuwa unajidanganya. Serikali ya Ufaransa nayo ikapata sababu tamu ya kuwachukia Wabolsheviki mbele ya wapigakura wake.

Wakati huo huo Trotsky alikuwa Brest-Litovsk akijadiliana na Wajerumani. Alivuta muda akingoja mapinduzi ya Berlin, halafu Februari 10 akatangaza kuwa Urusi haitapigana tena, na haitatia saini chochote. Akaondoka. Wajerumani walishangaa kidogo, kisha baada ya siku 8 wakaanza kusonga mbele, na karibu hakuna aliyewazuia. Lenin alilazimika kutishia kujiuzulu ndipo wenzake wakubali. Mkataba wa Machi 3, 1918 uliwapokonya Poland, nchi za Baltiki, Finland na Ukraine, karibu thuluthi ya watu wa milki ya zamani. Bahati yao, Ujerumani ilishindwa vita Novemba mwaka huo na mkataba ukafa.

Lakini wakopeshaji nao walikuwa wamefika. Majeshi ya Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani yalitua Murmansk, Arkhangelsk na Vladivostok, na biashara ikafungwa hadi 1920. Deni halikuwa sababu pekee, ila lilichochea.

Ndipo akaja Georgy Chicherin, na huyu ndiye ninayempenda. Mtoto wa ukoo wa makabaila, aliyewahi kufanya kazi katika wizara ya Tsar, aliyetolewa jela ya Brixton, London, kwa kubadilishwa na Waingereza waliokwama Urusi. Yeye alijua ofisi haifungwi.

Tangu hapo Urusi ilitumia mikono miwili. Mmoja ulikuwa Comintern, iliyoundwa Moscow Machi 1919 kuchochea mapinduzi kila mahali. Wa pili ulikuwa Chicherin, akibisha hodi kwa serikali zile zile. Machi 1921 Uingereza ilikubali kufanya biashara, kwa sharti kwamba Moscow iache propaganda dhidi yake, hasa huko India. Mwezi mmoja kabla, Moscow ilikuwa imeisamehe Uajemi madeni iliyodaiwa na Tsar, kwa hiyo angalau hawakuwa wanafiki katika hilo.

Mkutano wa Genoa wa Aprili 1922 ndio ulioleta hesabu mezani. Mataifa ya Magharibi yalidai pesa zao. Chicherin hakusema hapana. Alisema sawa, basi na nyinyi mlipe uharibifu wa majeshi yenu nchini mwetu. Hawakuelewana, na Aprili 16 akaenda Rapallo, karibu na hapo, akatia saini na Ujerumani kufutiana madai.

Uingereza iliitambua serikali hiyo 1924, Marekani ikangoja hadi 1933. Na lile deni? Moscow ilimalizana na London 1986. Ufaransa ilingoja zaidi: mwaka 1996, Wakomunisti wakiwa wameshaondoka madarakani, Urusi ilikubali kulipa dola milioni 400. Wengi wa wale walionunua hatifungani zenyewe walikuwa wamezikwa kitambo.