Soma Makadirio ya Bima Kabla ya Kutia Sahihi

Katika Ngoingwa, kando ya barabara ya kutoka Thika kwenda Mang'u, ziko nyumba nyingi za mawe zilizoezekwa mabati. Mvua kubwa za Machi mpaka Mei mara nyingine huja na upepo mkali, na upepo ukiingia chini ya bati lililolegea huweza kung'oa paa. Mwenye nyumba aliyekata bima hutumaini kulipwa gharama yote ya matengenezo. Lakini akipewa karatasi ya makadirio huona fedha ni pungufu, naye hajui sababu. Yafaa basi tufahamu jinsi hesabu hiyo inavyofanywa.

Baada ya hasara, kampuni ya bima humtuma mkadiriaji wa hasara. Kazi yake ni kutazama uharibifu, kuuliza chanzo chake, na kuandika gharama. Kabla hajafika, piga picha, funika paa kwa turubai ili mvua isizidi kuharibu, na tunza risiti. Usitupe mabati yaliyoharibika. Mwombe pia fundi wako aandike makadirio yake, upate cha kulinganisha.

Tazama mfano huu. Kutengeneza paa, pamoja na mabati, mbao, misumari na ujira wa mafundi, ni Sh. 360,000.

1. Uchakavu. Paa la zamani halina thamani ya paa jipya. Kama mkataba haukuahidi kulipa kipya badala ya kikuukuu, mkadiriaji hupunguza kitu. Tuseme amepunguza Sh. 60,000. Zimebaki Sh. 300,000.

2. Bima pungufu. Kuijenga upya nyumba yote kungegharimu Sh. 6,000,000, lakini mwenyewe aliikatia bima ya Sh. 4,000,000 ili alipe ada ndogo. Hizo ni theluthi mbili tu. Kwa hiyo hulipwa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh. 200,000. Sharti hili hutumika hata kama hasara ni ndogo.

3. Sehemu ya mwenyewe. Mikataba mingi hutaja kiasi ambacho mwenye bima hujilipia katika kila hasara. Kikiwa Sh. 20,000, atapokea Sh. 180,000.

Basi nusu ya gharama imemwangukia mwenye nyumba. Dawa yake ni kukadiria upya gharama ya kujenga kila mwaka, kabla ya kulipa ada. Hesabu mawe, saruji, mbao, mabati, mafundi na kuondoa kifusi. Bei ya kiwanja usiitie, maana ardhi haiungui wala haipeperushwi na upepo.

Karatasi ya makadirio isome mstari kwa mstari. Je, idadi ya mabati ni sawa na uliyohesabu? Dari iliyolowa na nyaya za umeme zimeandikwa? Bei ni za madukani leo, pamoja na kodi ya VAT? Kilichosahauliwa hakilipwi.

Ukiona kosa, iandikie kampuni barua, na uambatanishe makadirio ya fundi wako. Usitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla hujaridhika, kwa maana hati hiyo kwa kawaida humaliza dai lako. Msipopatana, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, yaani IRA, iliyoko Nairobi.